Nilipaka karanga bakteria wa dukani, ekari isiyopakwa ndiyo imependeza. Nini kimetokea?

#1 Jembe la Buigiri
Wakuu, naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaolima kweli.

Nina ekari mbili za karanga Buigiri, wilaya ya Chamwino. Udongo ni ule wetu mwekundu wenye kichanga. Mbegu ni Pendo, nimepanda mwishoni mwa Desemba, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza ya maana. Ekari moja nilipaka mbegu bakteria wa mizizi, ule unga mweusi wa kwenye pakiti. Nilifuata maelekezo: maji ya sukari kidogo ili unga ushike, nikachanganya, nikapanda. Pakiti ikaisha, ekari ya pili nikapanda mbegu tupu.

Sasa karanga zina maua. Ekari yenye bakteria ina rangi ya njano njano. Ile isiyowekwa kitu ni kijani, hata mpita njia anaona tofauti akiwa barabarani. Jana nimekaa kwenye mpaka wa hizo ekari nikitazama huku na huku mpaka jua likazama.

Je, hawa bakteria wa pakiti wanafanya kazi kwenye joto la Dodoma, au tunauziwa vumbi?

#2 Mtama Mweupe
Nimeweka mkeka hapa. Msimu huu nilitaka kununua nikasita.

#3 Fundi Mboji
Mkuu, kabla ya kulaumu pakiti, chimba. Usivute kwa mkono, vinundu (vile vivimbe vya kwenye mizizi wanamoishi bakteria) vitabaki ardhini na utasema havipo. Piga jembe pembeni, inua na bonge la udongo, lisuuze kwenye ndoo ya maji. Kisha pasua kinundu kwa kucha.

Ndani kukiwa kwekundu au waridi, kazi inaendelea. Hiyo rangi inatokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu, inashika oksijeni ili bakteria waweze kunasa naitrojeni ya hewani. Kukiwa kweupe, kinundu ni kichanga bado au kina wapangaji wasiolipa kodi. Kijani au kahawia ni kwamba kimeshachoka.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia hivihivi. Bakteria ndiye anayeigeuza, na mmea unamlipa sukari.

#4 Mkaidi wa Mvumi
Ni vumbi. Bibi yangu kalima karanga na njugu mawe maisha yake yote, hakuwahi kupaka mbegu unga wowote, na magunia yalijaa. Leo tunaambiwa ardhi ya Ugogo haina wadudu mpaka waletwe kwenye pakiti.

#5 Kibaigwa Stendi
Swali moja kwa mleta mada: ulinunua wapi na pakiti ilikuwa imewekwa wapi? Hao ni viumbe hai. Nimeshaona pakiti zimepangwa dirishani, jua la saa nane linazipiga, muuzaji amekaa kivulini. Pakiti nzuri inatakiwa iwe na bakteria kama bilioni moja kwa kila gramu. Ikishapikwa dirishani wiki mbili, unanunua udongo wa mboji uliokauka kwa bei ya dawa.

#6 Dada Choroko
Habarini. Nililima soya kwa miaka mitatu wakati mradi wa N2Africa, ule wa bakteria wa mikunde, ukiendelea nchini, niseme nilichojifunza.

Soya ni mgeni hapa na anachagua sana. Bakteria wake hawapatikani kwa wingi kwenye ardhi zetu, ndiyo maana kwenye soya unaona tofauti kubwa ukipaka. Karanga na kunde hazina makuu. Zinapokea jamaa wengi wa asili, na ardhi ambayo kunde zimelimwa tangu enzi za mababu ina wenyeji wa kutosha. Ukipeleka wageni wachache, wenyeji wanawapiga kumbo na kuingia kwenye mizizi kwanza.

Kwa hiyo bibi yake Mkaidi (#4) alikuwa sahihi, ila si kwa sababu pakiti zote ni vumbi. Jembe, hebu soma tena: pakiti yako imeandikwa ni ya zao gani?

#7 Jembe la Buigiri
Ahsanteni. Nimeitafuta pakiti, nilikuwa nimeihifadhi kwenye daftari. Ina picha ya soya. Muuzaji alisema ni ya mikunde yote.

Kuhusu #5, ndiyo, ilikuwa kwenye rafu ya mbele dukani. Mbegu zilikuwa za rangi nyekundu, zimeshapakwa dawa.

#8 Fundi Mboji
Hapo tumepata mambo matatu kwa mpigo. Bakteria wa soya kwenye karanga. Rafu ya mbele. Na mbegu yenye dawa ya ukungu, ambayo nyingi huwaua bakteria wakigusana nayo. Kesi imeisha.

#9 Hesabu za Shamba
Mkuu Fundi, kesi haijaisha, samahani. Tuseme bakteria wote walikufa kabla hawajafika ardhini. Basi ekari iliyopakwa ingelingana na ile isiyopakwa. Isingekuwa mbaya zaidi! Pakiti iliyokufa haina nguvu ya kugeuza karanga kuwa njano. Na dawa ya mbegu ilikuwa kote kote.

Kilicholeta tofauti kilikuwepo ardhini kabla ya Desemba. Jembe, kila ekari ilikuwa na nini miaka ya nyuma?

#10 Mtama Mweupe
#9 umenifumbua macho. Nilishakubaliana na Fundi.

#11 Jembe la Buigiri
Aisee. Ekari niliyopaka ilikuwa mtama mtupu, msimu wa nne huu ndipo nimebadilisha. Niliikodi kwa mtu, na kila mwaka mabua huliwa na ng'ombe, yanayobaki yanachomwa. Ekari ya pili ni ya familia, mama alikuwa anachanganya kunde na uwele kila mwaka. Kwenye kona yake ya chini kulikuwa na zizi la babu.

Nimechimba leo asubuhi, mashina matano kila upande:

Ekari iliyopakwa: vinundu viwili vitatu kwa shina, vidogo, ndani vyeupe. Shina moja halina kabisa.
Ekari ya mama: vimejaa, vyekundu kama damu.
Kona ya zizi: hakuna hata kimoja! Na huko ndiko majani ni meusi kwa ukijani kuliko kote.

Hiyo kona ndiyo imenichanganya kabisa.

#12 Bwana Shamba Mstaafu
Nimesoma kimya kimya tangu jana. Kona ya zizi haina siri. Penye samadi ya miaka mingi pana naitrojeni ya kutosha, mmea hauoni haja ya kulisha bakteria sukari yake, unafunga mlango. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunawakataza watu kumwaga urea kwenye karanga. Vinundu vinagoma.

Pakiti hizi si jambo geni nchini. Chuo cha Sokoine pale Morogoro walitengeneza ya kwao zamani, ikiitwa Nitrosua. Shida tuliyoiona shambani ilikuwa ileile ya #5, safari ndefu na joto. Sisi tuliwaambia wakulima waweke ndani ya mtungi wa maji uliozungushiwa gunia bichi, wachanganye kivulini asubuhi, wapande siku hiyohiyo na kufukia papo hapo.

Mwalimu wangu alinionyesha jambo moja kuhusu karanga. Mizizi yake haina vinywele kama ya maharage. Bakteria hupita kwenye nyufa, pale mzizi mdogo unapochomoza kutoka mzizi mkubwa. Ukitazama vinundu vyake vingi vimekaa kwenye hizo njia panda. Jembe, kesho ukichimba angalia utaona.

#13 Mwana Kongwa
Shikamoo mzee #12.

Nichangie upande wa kwetu. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari, wakashindwa, mwaka 1951 mradi ukafutwa. Nadhani walishindwa kwa sababu hawakuweka bakteria.

#14 Hesabu za Shamba
Mkuu, hapana. Kongwa kuna udongo wenye mfinyanzi unaokauka na kuwa kama sakafu ya saruji. Kiangazi kilipofika karanga hazikuchomoka ardhini. Mvua ilikuwa pungufu, visiki na mizizi vilivunja mitambo, na hawakuwasikiliza wenyeji. Hata Nachingwea na Urambo, kwenye mashamba mengine ya mradi huo, walihangaika. Bakteria wangekuwepo wangekuta mmea umekufa kwa kiu.

#15 Mwana Kongwa
Nimepokea marekebisho. Babu alikuwa anatusimulia habari za vyuma tu, ya mvua hakuyataja.

#16 Mlowa Kwetu
Nyie mnazungumzia karanga. Mimi nyanya zangu za bustanini Mlowa zina vinundu kibao kwenye mizizi, bila pakiti! Sijui nina bahati gani. Nataka kuchukua udongo ule nipeleke kwenye shamba la kunde.

#17 Fundi Mboji
Usipeleke!! Tafadhali soma hii kabla hujagusa koleo.

Nyanya haifanyi urafiki na bakteria wa naitrojeni. Hayo ni mafundo ya minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na huo mzizi unaliwa. Namna ya kutofautisha: kinundu cha kweli kimebandikwa pembeni ya mzizi, ukikisugua kwa kidole kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halibanduki mpaka uukate. Na ukilipasua hulikuti jekundu.

Ukihamisha udongo huo unaihamisha minyoo. Kunde nazo zinaumwa sana na hiyo minyoo.

#18 Mlowa Kwetu
Nimetoka kusugua sasa hivi na tochi ya simu. Havibanduki. Kumbe ndiyo maana zinanyauka mchana hata nikimwagilia! Mungu akubariki, nilikuwa nimeshaazima toroli.

#19 Mtani wa Iringa
Watani zangu Wagogo, nyanya zenyewe mnazilimia nini, zileteni huku kwenye maji. Ninyi bakini na zabibu na mlenda.

#20 Zabibu za Makutupora
Mtani, zabibu unazozidharau tunavuna mara mbili kwa mwaka. Njoo msimu wa mavuno uone.

Nirudi kwenye mada. Mmejikita kwenye bakteria mkasahau fangasi rafiki. Mzabibu unawategemea sana, mtama, uwele na alizeti vilevile. Hawa wanaingia kwenye mzizi, kisha nyuzi zao zinatambaa mbali kwenye udongo kuliko mzizi unavyofika, wanaleta fosforasi na kusaidia kwenye ukame. Kabichi na mchicha hawana urafiki huo.

Nina vitalu vya vipandikizi vya zabibu. Vile nilivyochanganya udongo wa chini ya mgunga mkubwa vilishika vizuri kuliko vya mchanga mtupu. Sijui ni fangasi au ni mboji ya majani, lakini nimerudia misimu mitatu na matokeo ni yaleyale.

#21 Mtama Mweupe
Zabibu, kama mtama unawahitaji hao fangasi, mbona shamba langu lenye mtama miaka yote limejaa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama? Wangenilinda.

#22 Dada Choroko
Hapo pana mkasa mzuri. Mtama ukikosa fosforasi hutoa kemikali kwenye mizizi kuwaita fangasi rafiki. Wanasayansi walijua tangu miaka ya 1960 kwamba kemikali hiyo huamsha mbegu za kiduha, wakashangaa kwa nini mmea umwite adui wake. Mwaka 2005 ndipo ikaonekana kwamba wito ulikuwa wa fangasi. Kiduha kimejifunza kusikiliza mlangoni.

Ndiyo maana ardhi iliyochoka ndiyo yenye kiduha kingi, mtama wenye njaa unaita kwa sauti kubwa. Samadi inapunguza, kuchanganya na kunde inapunguza. Kulima mtama juu ya mtama kama ile ekari ya kukodi ya Jembe ni kukialika.

#23 Jembe la Buigiri
Kiduha kilikuwepo kweli! Mwenye shamba aliniambia ndiyo sababu anaikodisha.

#24 Mkaidi wa Mvumi
Nimesoma yote. Nakubali nusu. Lakini mimi nasema tatizo ni jembe la trekta. Zamani watu wa huku walikuwa wanaberega, unasafisha juu juu, unatoboa, unapanda, ardhi haijageuzwa. Hao fangasi wenye nyuzi mnaowasifia, trekta la sahani linawakatakata kila mwaka. Tumewaua wenyewe halafu tunawanunua.

#25 Hesabu za Shamba
Mkaidi, kwa fangasi una hoja. Kwa maji huna. Ardhi yetu ikiberegwa mwaka baada ya mwaka inatengeneza gome juu, mvua inateleza kwenda korongoni. Milimita zenyewe ni 500 na kitu, hadi 600 kwa mwaka mzuri. Maji yakipotea, hakuna kijidudu kitakachoishi. Afadhali kupasua mstari wa kupandia tu, katikati ukaacha na mabaki.

#26 Mkaidi wa Mvumi
Mabaki yapi, na ng'ombe wa jirani wanaingia siku ya pili baada ya mavuno? Tuwe wakweli, hapo ndipo mipango yote ya vitabuni inapokufa.

#27 Bwana Shamba Mstaafu
Mkaidi amegusa kidonda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973 uliishia kuondoa mifugo kabisa kwenye eneo lililomomonyoka Kondoa mwaka 1979. Uchungu ulikuwa mkubwa, watu waliachana na ng'ombe wao. Lakini majani yalirudi, na miti ikachipua kwenye vilima vilivyokuwa vyekundu vitupu. Hatukupeleka pakiti hata moja. Leo hawa vijana wa Kisiki Hai wanafanya jambo la jamii hiyo kwa upole zaidi, kupogolea machipukizi ya visiki vilivyo hai mpaka viwe miti.

Karanga tunaing'oa nzima, mizizi na majani, majani tunampa ng'ombe. Naitrojeni nyingi iliyonaswa iko kwenye punje na majani, si kwenye mizizi. Ukiyabeba yote, usitegemee mtama wa mwakani ukute akiba. Samadi ya huyo ng'ombe irudi shambani, hapo hesabu inakaa sawa.

#28 Mama Mkababu
Mzee amesema miti. Shambani kwangu Mpwapwa nimeacha mikababu minne. Huo mti unapukutisha majani masika na kuchipua kiangazi, kwa hiyo hauzibi jua la mtama, na nao ni wa jamii ya mikunde. Mtama wa chini yake unaujua kwa mbali. Mume wangu alitaka kukata mmoja achome mkaa, tulinuniana wiki nzima. Mti upo mpaka leo.

#29 Kijana wa UDOM
Wakuu, mmesahau fosforasi kwenye ekari ya Jembe. Kunasa naitrojeni ni kazi inayokula nguvu nyingi, na nguvu ya mmea inahitaji fosforasi. Vinundu vidogo vyeupe ni dalili ya wenyeji waliopo lakini hawana chakula. Ningejaribu fosfeti ya Minjingu kwenye mistari michache, bila bakteria wowote.

#30 Zabibu za Makutupora
Minjingu ni mawe ya kusagwa, huyeyuka taratibu, vizuri zaidi penye tindikali. Msimu huu huenda asione kitu. Na mimi ningeuliza habari ya jua la Januari. Tulikuwa na wiki karibu tatu bila tone. Mchanga ukipata joto lile, bakteria wa juu juu hupungua. Ekari ya mama ina kivuli cha uwele?

#31 Jembe la Buigiri
Msimu huu hakuna uwele, ni karanga tupu. Ila udongo wake una mabaki mengi, unashika unyevu. Kwa hiyo sasa nina: wenyeji wachache, fosforasi, jua, ukame, na ardhi iliyochoka yenye kiduha.

#32 Kibaigwa Stendi
Ongeza na pakiti ya soya ya dirishani.

#33 Mtama Mweupe
Samahani kutoka nje kidogo. Kuna mtu ananiuzia maji ya kuchachua, maziwa, sukari guru na maji ya mchele, anasema yana vijidudu vinavyochukua nafasi ya mbolea zote. Kweli?

#34 Fundi Mboji
Hao ni bakteria wa maziwa mgando na hamira. Kwenye rundo la mboji wanasaidia kuchachua, harufu inapungua, nawatumia mwenyewe. Kunasa naitrojeni ya kulisha ekari nzima hawawezi. Tengeneza nyumbani, usinunue.

#35 Mama Mkababu
Mkizungumzia fangasi wema msisahau wa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sisi tuliokuwa karibu hatujasahau. Sasa kuna Aflasafe, ilisajiliwa hapa nchini 2018: ni fangasi wa jamii ileile, wa hapa hapa Tanzania, ila asiyetoa sumu. Unamwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya maua, anawahi nafasi ya yule mbaya. Kwa karanga na mahindi. Jembe, kwako umechelewa msimu huu, lakini anika karanga zako juu ya turubai, si chini.

#36 Jembe la Buigiri
Nitafanya hivyo mama, ahsante.

Mrejesho, wakuu. Ilinyesha Jumatano na Alhamisi. Leo nimechimba tena kwenye ekari ya njano, mashina kumi. Saba yana vinundu vipya, na ndani vina uwaridi! Vimekaa kwenye njia panda za mizizi kama alivyosema mzee. Majani ya juu yameanza kugeuka kijani.

Swali langu: hawa ni wenyeji au ni wa pakiti?

#37 Dada Choroko
Vimekaa wapi, karibu na shina au mbali?

#38 Jembe la Buigiri
Mbali. Kwenye mizizi ya pembeni, kama kiganja kutoka kwenye shina.

#39 Dada Choroko
Bakteria waliopakwa kwenye mbegu kwa kawaida wanaonekana karibu na shina, pale mbegu ilipokaa. Wa mbali ningesema wenyeji.

#40 Hesabu za Shamba
Au waliooshwa na mvua ya Jumatano kushuka. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, Dada, mpaka maabara.

#41 Mkaidi wa Mvumi
Mimi nasema ni wa bibi yangu.

#42 Bwana Shamba Mstaafu
Jembe, msimu ujao kata vipande sita kwenye ekari hiyohiyo ya kukodi. Viwili mbegu tupu, viwili na bakteria wa karanga kwenye mbegu isiyo na dawa, viwili na udongo wa ekari ya mama kiganja kimoja kila shimo. Kaukague kwanza huo udongo kama una minyoo, umemsikia Fundi. Ukiwa tayari niite, Buigiri si mbali, nitakuja na jembe langu.

#43 Jembe la Buigiri
Mzee, nitakuita. Mama anauliza kama unakula mlenda.